Kumtuliza mbwa mkubwa kwenye nyumba yenye pilikapilika: mwongozo kamili

Nyumba nyingi za mijini Tanzania na Kenya zinazofuga mbwa mkubwa zinamfuga kwa ajili ya ulinzi, na wengi huchagua German Shepherd au chotara wake. Dume aliyekomaa wa jamii hii ana kilo 30 hadi 40 na kimo cha sentimita 60 hadi 65 begani. Akisimama kwa miguu ya nyuma anamfikia mtu mzima mabegani. Sasa mweke kwenye ua wenye watoto watatu, dada wa kazi, bibi aliyekuja mjini kutibiwa, mlinzi wa usiku, gari la shule linalopiga honi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kijana wa bodaboda anayeleta gesi. Utundu ambao kwa mbwa mdogo ungechekesha, kwa huyu unavunja nyonga ya bibi.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya namna hiyo. Nitashughulikia tabia zinazolalamikiwa zaidi: kurukia watu, kukimbilia geti na kubweka bila kukoma, kukimbiza watoto, kulinda chakula na kuvuta kamba. Msimamo wangu ni huu: katika nyumba yenye watu wengi, mbwa anafundishwa na kila mtu, kila saa, wajue wasijue. Baba anamsukuma akirukia, mtoto anamkumbatia kwa kurukia kulekule, dada anamtupia kipande cha mkate ili anyamaze. Hayo ni masomo matatu yanayopingana kabla ya saa mbili asubuhi. Kazi inaanza kwa watu na mpangilio wa ua, ndipo ifike kwa mbwa mwenyewe.

Jua kwanza aliumbwa kwa kazi gani

German Shepherd alianza kuzalishwa rasmi Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz, ofisa wa jeshi la farasi aliyevutiwa na mbwa wa wachungaji. Kazi yao ilikuwa kutembea kutwa pembezoni mwa malisho yasiyo na uzio, huku na huko, kuzuia kondoo wasiingie kwenye mazao. Mbwa alikuwa ukuta unaotembea.

Ukilijua hilo, mengi yanayokuudhi yanapata maelezo. Anayekimbia kando ya ukuta kutoka kona hadi kona anafuata mpaka. Anayemfukuza mtoto anayekimbia na kumdonoa kisigino anarudisha kondoo kundini. Anayembwekea kila mpita njia anatoa taarifa, kama alivyozaliwa kutoa. Hana ubaya moyoni. Ana kazi ambayo hakuna aliyempangia, basi akajipangia mwenyewe. Boerboel wa Afrika Kusini na Rottweiler nao wana historia zao za kulinda mashamba na kuswaga ng'ombe, na hatua zilizo hapa chini zinawafaa vilevile.

Hatua ya kwanza: daktari wa mifugo kabla ya mafunzo yoyote

Kama mbwa aliyekuwa mpole amebadilika ndani ya siku au wiki chache, usitafute mkufunzi. Mwite daktari wa mifugo. Maumivu ndiyo chanzo cha ukali kinachosahauliwa zaidi. Mbwa wakubwa, German Shepherd hasa, husumbuliwa na kasoro ya viungo vya nyonga, na mbwa mwenye nyonga inayouma atamngurumia mtoto anayemwegemea. Masikio yenye usaha, jino lililooza na homa za kupe nazo humfanya mbwa asitake kuguswa. Kwenye hali ya hewa yetu kupe hawana msimu wa kupumzika, kwa hiyo mkague masikioni, katikati ya vidole na chini ya mkia kila wiki.

Hakikisha kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu 59,000 hivi kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, karibu asilimia 40 wakiwa watoto chini ya miaka 15, na karibu wote huupata kwa mbwa. Chanjo ya kwanza hutolewa mbwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kama daktari atakavyopanga. Nyumba yenye watoto haina sababu ya kuchelewesha chanjo hii hata kwa mwezi mmoja.

Muulize daktari pia kuhusu kuhasi. Dume aliyehasiwa kwa kawaida hupunguza kutoroka, kupanda na kukojoakojoa kila kona. Lakini kuhasi hakuondoi ukali unaotokana na hofu, na kwa mbwa wa umbo kubwa madaktari wengi hushauri kungoja hadi apite mwaka mmoja ili viungo vikomae.

Hatua ya pili: daftari la wiki moja

Tundika daftari jikoni, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi isije ikaibiwa na watoto. Kwa wiki moja, kila anayeona tabia mbaya aandike mambo manne: saa ngapi, nini kilitangulia, mbwa alifanya nini, na alipata nini baada ya hapo. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye dhahabu.

Utagundua kwamba hakuna tabia inayoendelea bure. Anaporukia, watu humtazama, humgusa na kumsemesha, na kwa mbwa aliyeshinda peke yake hata kusukumwa ni mchezo. Anapobweka getini, mpita njia huondoka zake. Mtu huyo alikuwa anaelekea dukani tu, ila kwa akili ya mbwa, yeye ndiye aliyemfukuza. Anashinda vita mara hamsini kwa siku, na mshindi haachi kupigana.

Saa nazo zitazungumza. Katika nyumba nyingi vurugu hujikusanya sehemu mbili: asubuhi watoto wanapoondoka, na saa kumi hadi saa moja jioni wanaporudi. Ukishajua hivyo, huna haja ya kumsimamia mbwa kutwa nzima. Unahitaji mpango wa saa hizo.

Hatua ya tatu: panga ua kabla ya kumpanga mbwa

Kila mara mbwa anapofanya kosa, anajizoeza kosa hilo. Kwa hiyo mnyime nafasi ya kulifanya wakati bado anajifunza. Hapa ndipo ningeweka fedha zangu za kwanza, kabla ya mkufunzi na kabla ya vifaa vya mtandaoni.

Jenga kigeti cha pili cha ndani. Fundi wa kuchomelea akikuwekea uzio wa nondo na wavu kutoka ukutani hadi kwenye kona ya nyumba, unapata eneo ambalo mbwa anabaki huku geti kuu likifunguliwa. Kanuni yake ni moja: geti kuu halifunguki mpaka kigeti kifungwe. Mpango huo peke yake huzuia ajali nyingi, kwa sababu ajali za nyumbani hutokea katika sekunde zile ambazo geti limeachwa wazi gari likiingia.

Kama geti lenu ni la nondo zinazoonyesha barabara, lifunike kwa bati au mabanzi hadi juu ya kimo cha macho ya mbwa. Asichokiona hakimkeri sana.

Banda lake liwe na kivuli, hewa na maji, na asiweze kuchungulia barabarani. Ukubwa wake umruhusu kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Mnyororo wa kutwa ni jambo ambalo nalipinga kwa moyo wote. Mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia anapoogopa, kwa hiyo hujifunza kwamba njia pekee ni meno. Watu hufunga mbwa ili awe mkali, na kweli huwa mkali, ila huyo si mlinzi. Atamrarua mtoto wa jirani aliyefuata mpira kwa nguvu ileile atakayomrarulia mwizi. Dhana ya kumlisha pilipili ili awe mkali nayo iachwe kabisa. Inamuunguza tumbo, basi.

Mlishe mara mbili kwa siku, mahali pamoja, saa zilezile, mbali na njia ya watoto. Ugali wa dona na dagaa au mabaki ya nyama safi unafaa ukipikwa bila vitunguu na bila chumvi nyingi. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Baada ya kula apumzike saa moja au zaidi kabla ya kukimbizwa. Mbwa wenye kifua kirefu wanaweza kupatwa na tumbo kujaa hewa na kujisokota, na hilo huua kwa saa chache.

Hatua ya nne: kikao cha nyumba

Kaeni wote, dakika ishirini, jioni moja. Dada wa kazi asikose, kwa maana ndiye anayekaa na mbwa muda mrefu kuliko mtu yeyote. Mlinzi naye aitwe. Nimeona familia zikimlipa mkufunzi hela nyingi huku dada hajaambiwa neno hata moja. Baada ya hapo watu hushangaa mbona mbwa anasikia Jumamosi tu.

Kubalianeni maneno sita na mtu asitumie mengine. Mimi hupendekeza haya: «Kaa», «Njoo», «Acha», «Mkekani», yaani nenda kwenye mkeka wako, kisha «Safi» kwa kumwambia hapo umepatia, na «Haya» kwa kumruhusu aondoke. Lugha si hoja, mkitaka semeni Kichaga. Kinachomchanganya mbwa ni baba kusema «Sit», mtoto «Kaa chini», dada «Tulia wewe», wote wakitaka kitu kimoja.

Kubalianeni pia kwamba hakuna kipigo. Wapo watakaosema mbwa lazima aonyeshwe nani bwana, alazwe chali na kushikwa shingo. Wazo hilo lilikuzwa na utafiti wa Rudolf Schenkel wa mwaka 1947 kuhusu mbwa mwitu (aina ya wolf) waliofungiwa pamoja, wageni kwa wageni. David Mech, mtafiti wa Marekani aliyesaidia kulieneza, baadaye aliwachunguza mbwa mwitu porini akakuta kundi ni wazazi na watoto wao tu, na mwaka 1999 akaandika kulirekebisha. Kwa mbwa wa kilo 38, kumlaza chali kwa nguvu ni kuomba kung'atwa usoni.

Tuzo mnazo jikoni. Dagaa wakavu wasio na chumvi ni tuzo bora: wadogo, wana harufu, bei nafuu. Kwa kazi ngumu, tumia maini au mapupu ya ng'ombe yaliyochemshwa na kukatwa vipande vya ukubwa wa harage. Weka kopo moja getini, jingine mlango wa jikoni, juu watoto wadogo wasifikie. Punguza kidogo mlo wake wa jioni asije akanenepa.

Hatua ya tano: mpe kazi kabla hajajitafutia

Tembezeni mbwa nje ya ua kila siku. Dakika arobaini alfajiri kabla ya jua kali zinamfaa zaidi kuliko saa mbili za kushinda anazunguka uani. Mwacheni anuse. Kunusa kunamchosha akili, na mbwa aliyechoka akili hulala. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa mchana, weka kiganja chako juu ya lami kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, na nyayo zake hazitavumilia.

Siku ambayo hakuna mwenye nafasi ya kumtembeza, mnyunyizie chakula chake nyasini akitafute kwa pua, au mfichie ndani ya maboksi matatu yaliyokunjwa. Mpe mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe, wa goti, autafune bandani saa ile ya vurugu za jioni. Hizi ni mbinu za dakika tano, na kwa nyumba yenye shughuli nyingi zina thamani kubwa.

Hatua ya sita: mkeka

Kama utafundisha jambo moja tu, fundisha hili. Mbwa aliyelala mkekani hawezi kwa wakati huohuo kumrukia mgeni, kukimbilia geti, kuomba mezani au kumwangusha mtoto.

Chukua kipande cha zulia kuukuu au gunia lililokunjwa. Litandike barazani, mahali anapowaona watu lakini si njiani. Anza pasipo na mtu mwingine.

Mwongoze kwa dagaa mpaka akanyage mkeka. Miguu yote minne ikifika, sema «Safi» mara moja, kisha weka dagaa chini, katikati ya miguu yake ya mbele. Chini, usimpe mkononi. Tuzo ikiwa chini, kichwa kinashuka, na mwili hufuata. Akilala, mpe wa pili na wa tatu. Kabla hajainuka mwenyewe, sema «Haya» na utupe dagaa mmoja nje ya mkeka ili aondoke na kurudi. Rudia mara nane au kumi, kisha acha. Dakika tatu hadi tano zinatosha, mara tatu kwa siku.

Akianza kurudi mkekani mwenyewe bila kuongozwa, ndipo uongeze neno «Mkekani», ukilisema sekunde moja kabla hajaelekea huko. Watu wengi hukosea kwa kulisema neno mara ishirini mbwa akiwa hajui maana yake, likawa kelele kama redio ya jirani.

Baada ya hapo kuna mambo matatu ya kuongeza: muda anaokaa, umbali wako kutoka kwake, na vishawishi vilivyopo. Ongeza kimoja tu kwa wakati. Akikaa sekunde thelathini ukiwa karibu, rudi sekunde tano unapoanza kwenda hatua tatu mbali. Akikosea mara mbili mfululizo, umempandishia ngazi haraka. Shuka moja. Vishawishi nenda navyo kwa mpangilio huu: wewe unatembea, mtoto anapita, mtoto anaruka kamba, mtu anagonga sufuria, mtu anapiga hodi mlangoni, na mwisho kabisa geti.

Mbwa mtu mzima huchukua wiki tatu au nne kufika hatua ya geti, wengine zaidi. Samaki mkunje angali mbichi, ni kweli. Umri wa wiki 3 hadi 12 au 14 ndio ambao mbwa hupokea mambo mapya kwa urahisi zaidi. Lakini wa miaka mitano naye anajifunza mkeka, nimeshuhudia mara nyingi.

Hatua ya saba: kurukia watu

Sasa tabia zenyewe. Kurukia hutibiwa kwa kuondoa faida na kutoa njia nyingine. Mbwa akinyanyua miguu ya mbele, mtu ageuke mgongo, akunje mikono, asiseme neno. Miguu minne ikigusa chini, «Safi», na dagaa aanguke sakafuni. Akikaa, asalimiwe kwa utulivu.

Tahadhari: siku za mwanzo atarukia zaidi. Zamani kulikuwa na jibu, sasa halipo, basi anajaribu kwa nguvu. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kumsukuma, naye anajifunza kwamba inabidi arukie kwa bidii. Shikilieni. Ila kwa bibi, mjamzito na mtoto mdogo msifanye majaribio haya hata kidogo. Hao wakipita, mbwa awe nyuma ya kigeti au kwenye kamba.

Pwani jambo hili lina uzito wa pekee. Wengi wanafuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na nguo iliyoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mgeni aliyeshika udhu akilambwa kanzu mlangoni mwako, umemvunjia heshima. Mbwa anayejua mkeka humwezesha jirani kupiga hodi bila wasiwasi, na ujirani ni ulinzi kuliko mbwa.

Hatua ya nane: geti

Hofu ninayoisikia kila mara ni kwamba mbwa akifundishwa kutulia hatalinda. Jiulize: mbwa wako akibweka saa nane usiku, nani anaamka? Kama anabwekea kila bodaboda na kila paka, hakuna. Mbwa mtulivu akibweka, nyumba nzima inainuka. Unachofundisha ni abweke mara chache kutoa taarifa, kisha akuachie wewe.

Anza geti likiwa halina mtu. Mmoja agonge mara moja, polepole, kwa ndani. Wewe sema «Mkekani», mpe tuzo tano mfululizo, moja moja. Rudia mpaka mlio wenyewe wa geti umfanye akimbilie mkekani kabla hujasema. Halafu agongee nje. Halafu apige honi. Halafu ndugu anayemfahamu aingie, na mwisho mgeni. Wakati wote huo wa mafunzo, hodi za kweli zisizotarajiwa zishughulikiwe kwa kigeti: mfungie kwanza, fungua geti baadaye. Usichanganye mtihani na darasa.

Akiwa anabweka tayari, usimpigie kelele. Anasikia kwamba na wewe unabweka. Nenda ukasimame kati yake na geti, tazama nje, sema «Asante, inatosha» kwa sauti ya chini, umpeleke mkekani umtuze huko. Maneno hayo mwanzoni hayana maana kwake, ila yatapata maana akishazoea kwamba ukishaona wewe, zamu yake imekwisha.

Hatua ya tisa: watoto

Hapa sitanii na neno lolote. Mtoto chini ya miaka sita na mbwa mkubwa wasiachwe peke yao, hata dakika ya kuepua sufuria, hata kama mbwa huyo ni mpole wa miaka mingi. Kama hakuna mtu mzima anayetazama, kuwe na wavu kati yao.

Wafundisheni watoto kanuni tano na wazirudie kwa sauti: hatumgusi akila, hatumgusi akilala, hatumkumbatii shingoni, hatumkimbii, na akitusogelea tukiogopa tunasimama wima kama mti, mikono kifuani, macho chini. Kukimbia na kupiga kelele ndivyo vinavyoamsha ule uchungaji wa kale. Kama mchezo ni wa mbio au mpira, mbwa awe bandani na mfupa wake.

Watu wazima wajifunze kusoma mwili wake. Mkia unaotikisika hauna maana moja: ukiwa juu, mgumu, ukitikisika kwa kasi fupi, mbwa amehamaki. Dalili za awali ni ndogo na hupita haraka. Analamba midomo bila chakula, anapiga miayo bila usingizi, anageuza uso, weupe wa jicho unaonekana pembeni, mdomo uliokuwa wazi unafungwa ghafla, mwili unakakamaa. Ukiona hayo, mtoe mtoto hapo kwa upole.

Akinguruma, mshukuru moyoni. Kunguruma ni onyo, na mbwa anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kuruka onyo na kwenda moja kwa moja kwenye meno. Mwondoe mtoto, kisha siku hiyohiyo rudi kwenye daftari uandike kilichotangulia.

Hatua ya kumi: chakula na vitu vya wizi

Usimnyang'anye bakuli ili kumzoesha. Unamthibitishia hofu yake kwamba watu ni wezi. Pita umbali ambao bado anakula kwa utulivu, mtupie kipande cha maini karibu na bakuli, endelea na safari yako. Fanya hivyo kila mlo. Siku baada ya siku atainua kichwa kwa furaha ukikaribia, ndipo usogee hatua moja. Kazi hii ni ya mtu mzima mmoja. Watoto hawahusiki nayo kamwe.

Akiiba kiatu cha shule, usimkimbize. Leta maini, badilishana, sema «Acha» anapofungua mdomo. Halafu mwambieni mwenye kiatu akiweke ndani.

Kuvuta kamba kunahitaji maneno machache. Tumia mkanda wa kifuani wenye pete ya mbele badala ya kola ya kukaba. Kamba ikikaza, simama. Ikilegea, endelea. Matembezi ya wiki ya kwanza yatafika nyumba mbili tu, na hiyo ni kawaida. Mtoto asipewe kamba ya mbwa anayemzidi uzito.

Akimng'ata mtu

Mfungie mbwa kwanza. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, hata likiwa mkwaruzo, kisha nendeni hospitali saa hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Msipake majivu, mafuta ya taa wala pilipili. Msimuue mbwa. Akiwa hai na ana afya, awekwe chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo kwa siku 10. Mgonjwa asingoje siku hizo ziishe ndipo aanze chanjo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Mbwa aliyeng'ata na kuacha jeraha lenye kina anahitaji mtaalamu wa tabia aje nyumbani, na kabla hajaja, mzoesheni kifuniko cha mdomo cha wavu kinachomruhusu kuhema na kunywa maji. Pakeni siagi ya karanga ndani yake, aingize pua mwenyewe, siku kadhaa kabla ya kukifunga. Hakikisheni siagi hiyo haina sukari mbadala ya xylitol, ambayo ni sumu kwa mbwa. Na kuna nyumba ambazo, baada ya kujitahidi kweli, itabidi zimtafutie mbwa makao yasiyo na watoto. Uamuzi huo ukifanywa mapema na kwa ukweli mbele ya anayempokea, ni wa upendo kwa pande zote mbili.

Siku za wageni wengi

Sikukuu, msiba, kipaimara, usiku wa mwaka mpya. Mbwa aliyefanya vizuri miezi mitatu anaweza kushindwa siku moja yenye magari kumi na watoto ishirini asiowajua. Siku hizo msimjaribu. Mtembezeni kirefu asubuhi, mlisheni mapema, kisha muwekeni kwenye banda au chumba cha nyuma kabla mgeni wa kwanza hajafika, pamoja na mfupa, maji na redio ya sauti ya chini. Kwa fataki, fungeni madirisha na kaeni naye mkiweza. Kumfariji mbwa aliyeogopa hakumwongezei woga. Mtu mzima mmoja akabidhiwe ufunguo na kazi ya kumtazama kila saa. Wageni wakishaondoka na geti likifungwa, mzungusheni ua mzima akiwa kwenye kamba, anuse palipokaliwa na watu, ndipo mumfungulie.